Gari la Bhai Lililorudishwa kutoka Misigiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe na viatu vya shule vilivyopigwa kiwi. Kosa halikuwa langu peke yangu. Baba aliniambia amenipatia kazi kwa Mhindi mmoja pale Singida mjini, na mimi, mtu mzima wa kidato cha nne, nikajua lazima ni kazi ya kushika kalamu. Nilikuta gereji. Kufikia saa nne asubuhi shati lilikuwa na rangi tatu, na mafundi walikuwa wameshanipa jina la Karani. Jina hilo nililibeba miaka yote iliyofuata, na wapo wazee mpaka leo wanaoniamkia kwa jina hilo hilo huku wakiangalia viatu vyangu.

Mwenye gereji tulimwita Bhai, kama ilivyo kawaida ya mjini kuwaita wafanyabiashara wenye asili ya India. Familia yake ilikuwa na duka la vitambaa mbele na gereji nyuma, na yeye alilikimbia duka kila alipopata nafasi. Asubuhi ile alinishika mkono bila kuniuliza jina, akaniweka mbele ya mlango wa pikapu uliokuwa umenyooshwa, akaniambia nifumbe macho, nipitishe kiganja polepole, niseme bonde liko wapi. Nikapitisha. Nikasema hakuna bonde, mlango umenyooka. Akafumba macho na yeye, akapitisha kiganja chake, kikasimama karibu na kitasa. Nilipogusa pale kwa mara ya pili nilisikia kwa mbali sana, kama alama ya mkeka kwenye shavu la mtu aliyeamka.

"Jicho ni shahidi wa uongo," Bhai aliniambia. "Linasema unachotaka wewe. Kiganja hakikujui, hakina haja ya kukufurahisha."

Ninyi vijana wa chuo cha ufundi mlioniomba niandike haya mna vipimo vya taa na mashine za kuchanganya rangi. Sisi tulikuwa na nyundo, kipande cha chuma kizito tulichokiita doli, na kiganja. Doli unaikinga nyuma ya bati, nyundo inagonga mbele, na bati linarudi mahali pake kidogo kidogo. Panapobaki kina cha unywele unaziba kwa puti, ule udongo laini wa kopo unaokauka na kusuguliwa msasa. Fundi mzuri anapaka puti unene wa kucha. Fundi mbaya anajenga nayo nyumba, anahamia.

Na sifa yetu kubwa ilikuwa kwamba kazi isionekane. Mwenye gari akija, akazunguka, akauliza, "Kwani liligongwa upande gani?", basi siku hiyo fundi bodi alikula kwa raha. Mafundi injini walitudharau kwa sababu hiyo. Saidi, fundi injini wetu, Mnyiramba wa Kinampanda, alituita wapaka poda. Alisema yeye anatibu mgonjwa, sisi tunamvalisha maiti. Mimi nilimjibu kwamba wao ni wanywa oili, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kununua gari kwa kupenda giaboksi. Tulitukanana hivyo kila siku na kula sahani moja kila siku.

Sasa niwaambie aibu yangu ya kwanza, iliyo ndogo. Mimi sijui kuendesha gari. Sikuwahi kujifunza. Nimenyoosha magari yaliyofika Bujumbura na Kigali, mimi mwenyewe sijavuka Shelui. Mtu wa nyumbani nilizaliwa, na mwendo wowote unaonifanya nilale pasipo kitanda changu hunipa homa. Mke wangu husema nikifa nitaomba nizikwe sebuleni.

Aibu hiyo ilikuwa tatizo kwa sababu gereji ya Bhai ilikuwa na kanuni moja: aliyegonga ndiye anayepanda. Gari likikamilika, kabla ya kukabidhiwa, fundi aliyelifanyia kazi kubwa hukaa ndani katika safari yake ya kwanza. Bhai aliirithi kanuni hiyo kwa baba yake. Aliamini mtu anayejua atakaa ndani hafungi boliti nusu. Mimi niliikwepa kila nilipoweza. Siku ya kupanda tumbo liliniuma, au mtoto alikuwa na surua. Saidi alipanda kwa niaba yangu mara nyingi hadi akasema watoto wangu wameugua surua kuliko watoto wote wa mkoa.

Bhai alipofungua tawi Shelui, kwenye barabara kuu ya kwenda Nzega, alinipeleka huko. Nadhani alitaka kunikomaza. Shelui ni mahali pa malori, na malori hushuka Sekenke, ule mlima wenye kona, na mengine hayashuki vizuri. Kazi ilikuwa nyingi na haikuwa ya kufurahisha. Niliondoa damu kwenye viti kabla sijagusa bati. Bosi wa pale alikuwa Fundi Mkuu wa Tawi, mzee aliyekula amesimama na kuongea kwa nadra kama anayekodi maneno. Yeye ndiye aliyenifundisha chasisi, yale mataruma mawili ya chuma kinene yanayobeba gari zima. Siku moja alinikuta nahangaikia rangi ya mlango wa lori lililokunja shingo.

"Karani," alisema, "rangi ni ya majirani waone. Chasisi ni ya mama yake dereva amwone tena."

Nilikaa Shelui kwa kuhesabu Jumamosi. Kila Jumamosi nilipanda basi kurudi Singida kula mlenda wa mke wangu, na kila Jumatatu nilirudi nimechelewa. Baadaye nilipelekwa Kintinku msimu mmoja kuunda upya matela ya trekta. Msimamizi wa karakana alikuwa mtu wa filimbi. Saa moja kamili inalia, na wewe usipokuwepo jina lako linaandikwa ubaoni kwa chaki nyekundu. Jina langu lilikaa pale ubaoni kama la mgombea. Mwisho wa msimu alimwandikia Bhai barua kwamba fundi huyu mikono yake ni mizuri, ila roho yake haijawahi kuripoti kazini. Bhai alicheka, akanirudisha mjini, na sikuhamishwa tena. Mikono ndiyo iliyoniokoa, nami nikaanza kuiamini kupita kiasi.

Gari nililotaka kuwasimulia lilikuwa la baba yake Bhai. Lilikuwa gari dogo la saluni la kizamani, la mgongo wa mviringo na madigadi yaliyovimba pembeni. Mzee alipofariki lilisukumwa nyuma ya gereji, na kuku wakalifanya nyumba. Tulikuwa tumelizoea. Ulikuwa ukitaka yai unafungua mlango wa nyuma.

Miaka yangu ya mwisho kazini, kazi zilipungua. Watu waliagiza magari ya mtumba, na bampa ikivunjika walinunua nyingine badala ya kunyoosha. Bhai alikuwa amechoka, na alikuwa ameamua kufunga. Kabla ya kufunga alitaka afanye kitu kimoja. Alituita, Saidi na mimi, akatuonyesha picha kwenye gazeti la zamani: gari la umri kama lile, lakini limekatwa paa likawa fupi, limeshushwa karibu na ardhi, magurudumu ya nyuma mapana, na chini ya boneti injini mpya. Alisema tuliunde la baba yake hivyo, liuzwe kwa mtu wa kulipenda, na gereji ifungwe kwa jina zuri. Lisioze na mayai.

Tulilifanya kwa zaidi ya mwaka, katikati ya kazi nyingine. Nilikata nguzo za paa vidole vinne, nikazichomelea tena, na vioo vikakatwa upya. Saidi aliweka injini na giaboksi ya pikapu ya Kijapani. Chasisi ya mbele upande wa kulia ilikuwa imeliwa na kutu. Nilikata palipooza, nikaunga chuma kinene kipya, na hapo nilifanya kazi ambayo Fundi Mkuu wa Shelui angeikubali. Lakini kiungo kilionekana, na mimi sikuweza kuvumilia kionekane. Nikafunika taruma lote la upande ule kwa bati jembamba, nikalichomelea kingoni, nikapitisha puti kwenye mishono na msasa juu yake, nikapuliza rangi nyeusi. Ukifungua boneti uliona chuma kimoja kilichonyooka kama kimetoka kiwandani jana. Bati lile halikubeba kitu. Lilikuwa la uzuri tu, poda, kama Saidi angesema.

Eksele ya mbele na stelingi tulizitoa kwenye pikapu iliyopinduka Sekenke ikitokea Burundi. Kwao usukani uko kushoto. Tuliuhamishia kulia na kugeuza boksi la stelingi, lile linalopokea mzunguko wa usukani na kusukuma magurudumu, likakaa kinyume. Saidi aliwasha gari uani, akakata kulia kuelekea getini. Gari likaenda kushoto, likagonga tangi la maji. Akakata kushoto kuliepuka, likaenda kulia, likaingia kwenye milundo ya matairi. Tulicheka mpaka Bhai akakaa chini. Saidi akasema amewahi kuoa mwanamke wa namna hiyo.

Dawa yake ilikuwa kuhamisha boksi mbele kidogo na kuligeuza, jambo lililohitaji kibebeo kipya, yaani pande la chuma linaloshikilia boksi kwenye chasisi. Kibebeo nilichomelea mimi. Nilisugua rangi kwa msasa, chini yake nikaona chuma cheupe kilichonyooka, nikapiga moto. Na hapa ndipo pa kuniwekea alama, vijana. Palikuwa pamepita miezi minne tangu nilifunike taruma lile. Niliangalia chasisi nikaona chasisi. Kazi yangu mwenyewe ilikuwa nzuri kiasi cha kunidanganya mimi niliyeifanya. Kibebeo cha stelingi nilikichomelea juu ya bati la uzuri.

Kulikuwa na onyo. Moto ulitoboa bati sehemu mbili, jambo ambalo chuma kinene hakifanyi. Nikajiambia umeme wa leo umepanda, nikapunguza mashine, nikaziba matundu, nikapaka rangi. Ilikuwa karibu na saa ya chakula.

Mnunuzi alitoka Mwanza, mtu wa makamo mwenye kupenda vitu vya zamani, na alikuja na mkewe. Gari lilikuwa la maroni, limeng'arishwa hadi unaona ndevu zako. Alilizunguka mara tatu. Alipitisha mkono kwenye paa akitafuta nilipokata, hakupaona. Aliniuliza, nikamwonyesha, bado hakupaona. Siwezi kuwaficha: ile ilikuwa saa tamu kuliko zote za maisha yangu ya kazi.

Wakakubaliana. Nilianza kusema juu ya tumbo, Bhai akaniwekea mkono begani. Alisema miaka yote ameninyamazia, lakini hili ni la baba yake na ndilo la mwisho, nami ndiye niliyeligonga. Nipande mpaka Misigiri, kabla ya mlima, kisha nirudi kwa basi. Hata chakula cha mchana nyumbani sitakikosa. Nikapanda kiti cha mbele kushoto. Mama yule akakaa nyuma, akafunika miguu kwa kitenge.

Tulitoka mjini vizuri. Watu wa bodaboda walitufuata wakipiga picha. Mnunuzi alikuwa akinisifia kwa mkewe, na mimi nilikuwa nikijibu kwa unyenyekevu wa mtu anayetaka asifiwe zaidi. Tulipofika Iguguno kuna matuta ya barabarani. Akapunguza mwendo, akakata kidogo kulia kukwepa mtu wa mkokoteni, na chini ya mguu wangu nikasikia tek. Akanyoosha usukani, tek tena.

Mmewahi kubonyeza tako la debe tupu la mafuta kwa kidole gumba? Linaingia, linatoka. Sisi tunasema bati linapumua. Chasisi haipumui. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaweka kiganja sakafuni, karibu na pale upande wa kulia wa sakafu unapokutana na ukuta wa injini. Kila alipogusa usukani, bati lilipumua. Na nikakumbuka kila kitu kwa mara moja: miezi minne, matundu mawili, umeme wa leo umepanda.

Kutoka Iguguno mpaka Misigiri sikusema neno.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kwa nini, na kila maelezo yanatoka yamepakwa puti. Nilijiambia lami imenyooka, litashika. Nilijiambia pengine si hivyo, nikisema nitaharibu mauzo ya Bhai bure. Ukweli ni kwamba dakika tano kabla yake mtu alikuwa amesema mikono yangu ibarikiwe, na sikutaka ayarudishe maneno yale. Mnunuzi alilipita lori. Mbele yetu kulikuwa na basi linakuja. Mkewe nyuma alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea kioo nilichokikata mimi. Niliona mkono wa mnunuzi unavuta usukani kushoto kurudi njia yetu, nikasikia tek, na nikanyamaza. Sala niliyoomba haikuwa ya watu wale. Niliomba tufike Misigiri, nishuke.

Tukafika. Alisimama njia panda ya kwenda Kiomboi, mahali pa mabasi. Nilishuka na mfuko wangu. Akanipa mkono kupitia dirishani, akaniambia wakifika Mwanza salama atapiga simu. Mama aliamka, akaniambia, "Ahsante baba, usalimie nyumbani." Injini ikanguruma. Mbele yao ulikuwa Sekenke, na mimi nilikuwa nimefanya kazi chini ya Sekenke. Nilijua yanafika chini katika hali gani.

Niliona gurudumu la mbele linakatwa kuingia barabarani. Nikaenda mbele ya gari, nikaweka mikono yote miwili juu ya boneti.

"Zima," nikamwambia.

"Kuna nini, fundi? Umesahau mzigo?"

"Zima gari, ndugu yangu. Stelingi haijashika chasisi. Imeshika bati."

Alidhani natania. Nililala chini pale pale, kwenye vumbi, na bisibisi ya mfukoni nikabandua rangi na puti. Kibebeo kilikuwa kimeanza kung'oka. Ufa uliingia ncha ya kidole changu. Mnunuzi naye alilala chini kando yangu, kwa suruali yake ya safari, akaangalia muda mrefu. Aliponyanyuka alichomoa ufunguo wa gari, akautia mfukoni.

"Umejua saa ngapi?" aliniuliza.

"Sasa hivi," nikasema. "Uliposimama. Nimesikia mlio uliposimama."

Mama yule alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema Mungu ameniweka ndani ya gari lile kwa makusudi, na kwamba watoto wao wanne nyumbani nimewarudishia wazazi. Nilimwachia mkono wangu. Sikujua kitu kingine cha kuufanyia.

Bhai alikuja na lori. Gari la maroni likarudi Singida limefungwa kamba juu ya lori, mchana kweupe, likapita stendi watu wakiliona, wale wale waliopiga picha asubuhi. Mnunuzi alirudishiwa chake chote na kuombwa radhi. Hakulitaka tena, na sikumlaumu. Njia nzima ya kurudi nilikaa kati ya dereva na Bhai nikisubiri matusi, na ningeyapokea vizuri. Tulipokaribia mjini ndipo akasema.

"Gari nimelirudisha, Karani. Watu wale nisingeweza kuwarudisha."

Kisha akaniuliza kama kutoka mjini mpaka Misigiri sikusikia kitu chochote. Nikasema sikusikia. Hakuniangalia usoni. Aliiangalia mikono yangu iliyokuwa juu ya magoti, akageukia dirisha.

Wiki ile ile nilibandua bati lote la uzuri. Nikachomelea kibebeo kwenye chasisi yenyewe, chuma kwa chuma, Saidi akisimama juu yangu na tochi bila utani hata mmoja. Kiungo cha kutu kikabaki wazi, na mshono wa kibebeo ukabaki wazi. Nikapaka grisi tu ya kuzuia kutu. Gari likaingizwa stoo, likafunikwa turubai.

Lakini habari ilikuwa imeshatoka, na ilitoka nzuri. Mnunuzi aliisimulia Mwanza, madereva wakaileta Shelui, Shelui ikaipeleka kila mahali: fundi wa Singida aliyesimamisha gari kwa mikono na kulichafua jina lake mwenyewe ili aokoe watu. Nikaitwa fundi mkweli. Padri aliitaja kanisani. Siku ya kufunga gereji na kuniaga walinipa blanketi na kiti cha kuegemea, zawadi sahihi kwa mtu wa aina yangu, na Saidi alitoa hotuba. Alisema amenitukana miaka yote kwamba ni mpaka poda, na leo anafuta kauli. Alikuwa akilia. Bhai alikaa mstari wa mbele, akapiga makofi na wengine. Nami nilisimama nikashukuru.

Bhai amefariki. Saidi naye amefariki, akaenda na kauli yake aliyoifuta. Mimi nimebaki na kiti changu, nalinda nyumba isikimbie. Ningebaki hivyo hivyo hadi mwisho, kwa sababu kustaafu kwa mtu wa nyumbani ni rahisi: unafanya kile ulichokuwa ukitoroka kazini ili ukifanye.

Kabla ya msimu huu wa alizeti alikuja binti yake Bhai, Nisha, anayeendesha duka sasa. Aliniamkia, akakaa, mke wangu akamletea uji, akanywa wote. Alisema stoo wanaibomoa na gari la babu yake litauzwa. Ameandika tangazo la kuweka mtandaoni na anataka nilisikilize kabla halijatoka, maana limenitaja. Akasoma kwenye simu. Umri wa gari, injini, rangi, paa lililokatwa, vyote sawa. Kisha akasoma kwamba limeundwa na fundi mkweli ambaye mara tu aliposikia kasoro alisimamisha gari Misigiri, na kwa hiyo mnunuzi awe na imani na kila mshono wake.

Nikamwambia sentensi hiyo aitoe. Akacheka kwa heshima, akadhani naona haya.

"Mzee, hiyo ndiyo itakayouza. Gari wapo wanaouza. Fundi kama wewe hawana."

"Nisha, mwanangu, sikusikia Misigiri. Nilisikia Iguguno."

Alikuwa ameshika kikombe. Anaijua barabara ile, huipita kila mwezi kufuata mizigo. Nilimwona anaipita tena kichwani: matuta, ule mnyooko mrefu wa lami, malori. Alipita kijiji kimoja kimoja hadi akafika njia panda. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, na yeye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza kama Nisha. Wala hakuingia wala hakutoka.

"Na mama yule alikuwa nyuma," Nisha akasema.

"Alikuwa amesinzia."

"Baba alijua?"

Nikamwambia baba yake alinifundisha kazi hii kwa kunifumba macho. Sidhani kulikuwa na kitu ambacho kiganja changu kingekijua na yeye asijue kwamba kimekijua.

 Nilitegemea aondoke, na sikuwa na haki ya kumwomba abaki. Badala yake akainamia simu, akaanza kufuta, herufi moja moja, kama watu wanavyofuta wakiwa bado wanafikiri. Alipomaliza aliniuliza, bila kuniita mzee wala fundi, aandike nini mahali pale.

Nikamwambia aandike kwamba kibebeo cha stelingi kiliwahi kung'oka kwa kosa la fundi, kikachomelewa upya kwenye chasisi yenyewe. Aandike kwamba mshono umeachwa bila rangi, upande wa kulia, na mnunuzi aje na taa, alale chini, auguse mwenyewe.

Akaandika. Akanisomea. Nikamwambia hapo sawa.